Siku Kumi na Moja Kutafuta Jani la Ini

Mke wangu, Mariamu, alianza kugeuka rangi siku ya Jumatatu. Asubuhi aliniambia hawezi kusikia harufu ya mafuta ya kupikia bila kutapika. Jioni nilipomsogeza mlangoni penye mwanga niliona weupe wa macho yake umekuwa wa njano, kama shuka iliyofuliwa pamoja na kitambaa kinachochuja rangi. Jumanne tulikwenda hospitali. Mganga alimbonyeza chini ya mbavu upande wa kulia, Mariamu akapiga kelele, tukaambiwa ni ini.

"Dawa yake?" nikauliza.

"Kulala, kunywa maji mengi, na chochote chenye sukari mkikipata. Ugonjwa huu hauna kidonge, Fundi. Wengi wanapona wenyewe. Wachache hawaponi. Mrudishe nyumbani, ukae naye, mje baada ya wiki mbili."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sukari yenyewe ilikuwa ya foleni na dizeli ya kubahatisha. Nilikuwa nimepanga baraza la duka moja mjini Karatu, nashona kanzu na sare za shule. Nilitoka Kondoa kijana, nikamwoa Mariamu, binti wa Kiiraqw wa Endabash, na huo ulikuwa mwaka wetu wa sita. Mtoto hatukuwa naye. Ndani ya nyumba tulikuwa wawili tu.

Jumatano nilijaribu kufanya nilivyoambiwa. Niliweka kiti kando ya kitanda chake nikakaa. Nilimshika mkono, nikauachia. Nilikwenda kuchota maji, na ndoo ilipojaa niliyamwaga nikachota mengine. Kila alipoanza kutapika nilitoka nje kwanza, nikasimama uani, kisha nikarudi na beseni. Alikuwa anaona. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeshasimama na kukaa mara nyingi hadi akafumba macho, nadhani ili asinione.

Alasiri nilikimbilia barazani, nikijiambia nakwenda kumaliza sketi mbili tu. Hapo ndipo alipokuja Mwalimu Paulina kuchukua gauni lake. Alikuwa anafundisha baiolojia shule ya sekondari, mwanamke wa maneno ya taratibu, anayemaliza kila sentensi aliyoianza asipokatizwa. Nikamweleza habari za Mariamu.

"Pole sana. Ini ni jambo la kusubiri," akasema. "Kuna mmea mmoja nawafundisha watoto, kwa Kiingereza jina lake lina neno ini ndani yake, kwa jinsi ulivyokaa. Zamani huko Ulaya watu waliuchemsha wakamnywesha mwenye ini..."

"Unapatikana wapi?"

"Wangu niliutoa kule juu, msitu wa ukingo wa kreta, penye kijito. Lakini sikiliza, Fundi..."

"Umekaaje? Nichoree."

Akachukua chaki yangu ya kushonea, akachora kwenye kipande cha kaki: kitu bapa kinachotambaa juu ya mwamba, kisicho na shina wala maua, kila ncha imegawanyika mara mbili. Juu yake vikombe vidogo kama vifuniko vya chupa, ndani ya vikombe punje za kijani. Pembeni akachora vijiti viwili vyenye miavuli. "Hupenda kivuli na maji yasiyokauka," akasema, na alikuwa bado anasema mengine, lakini mimi nilikuwa nimeshafunika cherehani.

Alhamisi alfajiri nilimwomba jirani yetu, mjane mmoja tuliyemwita Mama Safari, awe anamtazama Mariamu. Nikamwambia Mariamu nimepata habari ya dawa, na kwamba Jumamosi nitakuwa nimerudi. Alinyoosha mkono nje ya blanketi. Nilidhani ananiaga. Nikaugusa, nikatoka.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa juu ya lori la Hamisi, dereva aliyekuwa akipeleka sabuni na unga Wasso. Tulikaa juu ya magunia, abiria kama kumi. Lori lilipoanza kutembea nilisikia kifua kikifunguka. Nilidhani ni matumaini. Mashamba ya ngano na mahindi yakapita, udongo mwekundu, kisha barabara ikaanza kupanda na baridi ikatuingia hadi kwenye meno.

Kwenye lango la hifadhi niliteremka nikamweleza askari shida yangu, nikamwonyesha ule mchoro wa chaki.

"Hapa haling'olewi hata jani moja bila kibali," akasema.

"Mke wangu anaumwa, afande."

"Nakuonea huruma. Kibali kinaombwa ofisini, na leo mwenye kusaini hayupo. Na humo msituni kuna nyati. Ukiingia peke yako tutakuja kukutafuta wewe badala ya hilo jani lako. Kaa hapa mpaka kesho, utapata."

Kukaa mpaka kesho. Nilitazama lile benchi lake la mbao nikahisi miguu inawasha. Hamisi alikuwa akipiga honi. "Maji yasiyokauka?" akaniuliza nilipomweleza. "Basi twende Wasso, kutoka hapo uteremke Digodigo. Wale wanalima kwa mifereji mwaka mzima. Kama kuna jani la majini, liko kule." Hakuwa amewahi kuliona jani hilo wala kulisikia. Nikapanda. Saa moja baadaye tulikuwa tunapita ukingoni ndani ya ukungu, miti imevaa ndevu za kijivu na maji yakidondoka, na mimi nilikuwa nafanya hesabu ya saa bila kutazama pembeni.

Mchana wa siku hiyo tuliteremka upande wa pili na baridi ikabaki juu. Chini ni nyika tupu, nyasi fupi na vumbi jeupe linaloingia mpaka puani. Kando yangu alikuwa amekaa mama mmoja wa Kimasai na binti yake wa miaka kama kumi na minane. Binti alikuwa na homa. Mama alikuwa amemlaza mapajani, amemfunika kwa shuka yake mwenyewe, na kila lori liliporuka alikinga kichwa cha binti kwa viganja viwili. Aliniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza nakwenda wapi.

"Digodigo, yeyo," nikamwita mama kwa neno lao. "Natafuta dawa ya mke wangu."

"Mgonjwa wako yuko wapi?"

"Nyumbani Karatu."

Akanitazama, akatazama nyuma tulikotoka, ambako mlima ulikuwa umebaki kama wingu. Akamwambia binti yake neno kwa Kimasai, binti akafungua macho, naye akanitazama. Sikuuliza amesema nini. Nikageuza uso upande wa nyumbu waliokuwa wakikimbia mbali, nikawahesabu hadi wakanipotea.

Ijumaa alasiri tulifika Wasso. Ni mji wa ofisi, maduka machache na hospitali, upepo unapita katikati yake kama hauna mwenyewe. Niliwasaidia yule mama na binti kuteremka. Mama akamwekea binti mkono kiunoni, wakaenda hospitali hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuuliza njia ya Digodigo.

Gari hapakuwa. Jumamosi, siku niliyoahidi kuwa nyumbani, nilitembea tangu alfajiri nikifuatana na mchuuzi wa chumvi mwenye punda wawili. Njia inashuka kwenye mawe makali na miti ya miiba. Mchuuzi alitaka kupumzika kila penye kivuli, na mimi nilimzunguka alipokaa kama mbuzi aliyefungwa kambani. Mara ya nne aliniambia, "Ndugu yangu, ukikaa hutachoka kama hivi." Jioni tukaona kijani chini yetu, mashamba madogo yaliyopangwa kama viraka, na mistari ya maji iking'aa.

Jumapili asubuhi nilipelekwa kwa mtu mmoja aitwaye Petro, ambaye zamu ya kusafisha mfereji ilikuwa yake wiki ile. Nilimkuta ndani ya maji hadi magotini, ana jembe mkononi, mtu wa makamo, mpole. Nikampa kile kipande cha kaki. Chaki ilikuwa imefutika nusu. Alikitazama, akacheka.

"Hiki? Njoo."

Alinipeleka mahali mfereji unapopita chini ya mtini mkubwa, kwenye ukuta wa mawe usioona jua. Ukuta wote ulikuwa umefunikwa. Jani bapa la kijani kizito limetambaa juu ya jiwe na juu ya lenzake, halina mahali linapoanzia, ncha zimegawanyika kama mkasi uliofunguliwa. Niliinama. Vikombe vilikuwepo, vidogo kuliko nilivyofikiri, ndani yake punje za kijani zimelowa. Miavuli pia ilikuwepo, imesimama juu ya vijiti vyembamba kama uzi. Nililigusa: baridi, laini kwa juu, na chini limeshika jiwe kwa vinyweleo. Nilitaka kulia.

"Mnalitumia kwa ugonjwa gani?" nikauliza.

"Hatulitumii. Hatuli, hatunywi, mbuzi wenyewe hawaligusi. Sisi tunalikwangua. Ni utelezi huu, ndugu. Mwaka jana mke wangu aliteleza hapo uliposimama, akavunjika mkono."

Akaanza kulikwangua kwa jembe, vipande vikubwa, akanitupia miguuni kama takataka. Alinipa kopo tupu la maziwa ya unga, nikatandika udongo wa mfereji chini, nikapanga majani juu yake, nikayanyunyizia maji.

Alinikaribisha kula kwake. Mkewe, Elizabeti, alikuwa na mkono uliopona ukiwa umepinda kidogo. Walinipa maharage na viazi vitamu. Elizabeti alimtania mumewe mbele yangu.

"Miezi miwili huyu alinipikia. Ugali wake ulikuwa na mabonge, mpaka watoto wa jirani wakawa wanakuja kuutazama."

"Wanaume wa hapa walinicheka," Petro akasema. "Nikawaambia wacheke, lakini walete kuni."

Nilicheka nao. Kisha nikasogeza sahani pembeni, nikaomba kuondoka. Petro alishangaa: jua lilikuwa linaelekea magharibi, ningelala wapi njiani? Nililala kwake kwa kulazimishwa, na Jumatatu kabla hakujakucha vizuri nilikuwa napanda kurudi Wasso, kopo limefungwa kwa kitambaa kilicholowa maji, nimelikumbatia kifuani.

Jumanne, Wasso: hakuna lori. Jumatano: lipo, halina dizeli. Alhamisi: dizeli inasubiriwa. Niliulizia duka kwa duka hadi watu wakawa wananijibu kabla sijafungua mdomo. Kila baada ya saa nilifungua kopo kutazama majani. Pembezoni yalianza kuwa kahawia, na niliyanyunyizia maji mengi mno, yakaelea. Kulikuwa na fundi mwenzangu barazani pa duka moja. Nilimwomba anipishe cherehani yake, nikamshonea pindo za mapazia ya watu bila malipo, mita baada ya mita, kwa sababu nisipokuwa na kitu mikononi nilikuwa namwona Mariamu. Nilimwona akinyoosha ule mkono. Siku ya pili ya kushona nikaelewa kwamba hakuwa ananiaga. Alitaka nishike.

Ijumaa lori la Hamisi likapata dizeli. Jumamosi, siku ya kumi, tulipita tena ukingoni mwa kreta katika ukungu uleule, na saa tisa alasiri niliteremka Karatu nikakimbia na kopo langu.

Mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli. Mama Safari alitoka kwake, akaniita kwa jina langu, Salimu, bila kuongeza "fundi" wala "mwanangu".

"Yu hai," akasema kwanza, kwa maana aliuona uso wangu. "Kaka yake alikuja kumchukua Jumatano. Yuko Endabash. Mimi nilijitahidi, Salimu, lakini nina ng'ombe na nina shamba, sikuweza kuwa pale saa zote."

Sikujua nifanye nini na lile kopo. Nikaenda nalo kwa Mwalimu Paulina, nyumba za walimu, nikamwekea mbele yake. Alifungua kitambaa, uso ukamng'aa. "Lenyewe! Na lina miavuli! Umelipata wapi?" Nilipomwambia Digodigo alikaa chini.

"Fundi, siku ile hukunisubiri nimalize. Watu wa zamani waliona mmea umekaa kama ini, wakadhani basi utaponya ini. Walidhani tu. Haukumponya mtu. Nilipita kwako asubuhi ile kukwambia, ulikuwa umeshapanda lori."

Alinipeleka nyuma ya nyumba, chini ya bomba. Kulikuwa na trei ya bati yenye vigae vilivyovunjika, udongo uliochanganywa na mkaa uliopondwa, na juu yake jani lilelile, zima, la kijani, limejaa trei. Alikuwa akililea mwenyewe kwa ajili ya wanafunzi. Alinieleza kama anavyoeleza darasani, nadhani kwa sababu hakujua aseme nini kingine: usiliweke juani, ulimwagilie maji ya mvua, mbolea usitie, hupenda hata ardhi iliyoungua moto, huwa la kwanza kuota pale. Akadondosha tone la maji kwa kidole ndani ya kikombe kimoja, punje zikaruka zikatua mbali kwenye udongo. "Kila moja itakuwa mmea," akasema. "Halihitaji mtu afanye lolote. Linahitaji tu pasikauke."

Nilimwachia kopo. Njia yote ile, na jani lilikuwa bombani kwake, mwendo wa dakika kumi kutoka barazani kwangu, na wala halikuwa dawa.

Jumapili niliazima baiskeli nikaenda Endabash. Barabara ilikuwa ya mchanga na mara nyingi nilishuka nikaisukuma. Kaka yake Mariamu, Bura, alikuwa akitengeneza zizi la ng'ombe. Aliniona kwa mbali, akaendelea kufunga fito hadi nilipofika karibu kabisa.

"Umefika, shemeji," akasema. Hakunipa mkono. Kwa kidevu akanionyesha nyuma ya nyumba.

Mariamu alikuwa amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe, ameegemea ukuta, anakula kiazi kilichochemshwa kwa kukimega kidogo kidogo. Alikuwa amekonda mashavu. Macho bado yalikuwa ya njano, ila ya njano iliyopauka.

"Ulilipata?" akaniuliza.

"Nililipata. Si dawa."

"Najua. Mwalimu Paulina aliniambia Alhamisi ileile, hata vumbi la lori halijatua." Alimega kiazi. "Nikajua umekwenda bure. Nikasema, hata hivyo Jumamosi atarudi. Jumamosi nikamsikiliza kila aliyepita barabarani. Jumapili nilizimia nikienda chooni. Nilipozinduka nilikuwa chini, shavu sakafuni, na beseni limemwagika, na sikuwa na nguvu ya kuita. Mama Safari alikuja jioni. Nilikuwa nimelala hapo tangu asubuhi."

Jumapili asubuhi. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye ukuta wa mfereji, nahesabu vikombe.

"Mariamu," nikasema, "nilidhani..."

"Sikutaka jani, Salimu. Nilitaka ukae."

Hakukuwa na kiti. Nikakaa chini kwenye vumbi, mbele yake. Hakuniambia niondoke, na hakuniambia neno jingine hadi jua lilipohama likatufikia. Ndipo akasema nimsogeze kivulini, nikamsogeza.

Nilikaa Endabash wiki tatu. Bura alinipa kazi ya kuchota maji na kuchemsha uji, na kwa siku tano za kwanza alinisemesha kwa kupitia watu wengine. Nilijifunza kushika beseni bila kutoka nje. Nilijifunza kwamba mgonjwa husema mengi saa ya tatu ya kukaa naye, si ya kwanza. Macho ya Mariamu yalirudi meupe polepole mno hata nisingeweza kusema ni siku gani. Wiki ya nne alifunga kanga zake, akaniambia turudi Karatu, akapanda mbele yangu kwenye trela la trekta bila kusubiri nimpe mkono.

Safari hii nimeisimulia mara nyingi. Wageni wetu hupenda habari za ukungu wa ukingoni, vumbi la nyikani, na Petro na ugali wake wenye mabonge. Nilichojifunza huwa nakisema mwishoni kwa ufupi, nacho ni kwamba sikwenda kutafuta dawa. Nilikuwa nakikimbia kiti kilichokuwa kando ya kitanda, na nilikwenda mbali kadiri barabara ilivyoniruhusu. Mariamu hunisikiliza akiwa kimya. Mara moja tu mgeni mmoja alimgeukia akamuuliza, "Na wewe mama, siku zote hizo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyumbani," Mariamu akasema, akainuka kwenda kutazama chai.